Picha Saba za Mbwana Baada ya Kuzikwa

Wanangu, wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa mtaani Malvern alinifuata mlangoni na simu yake. "Mkhulu," ndivyo Wazulu wanavyomwita babu, "hebu tazama." Nikatazama. Babu yake, tuliyemzika mwaka juzi, yumo ndani ya simu, picha yake imetiwa uhai kwa kompyuta, anapepesa macho na kucheka, meno yote kinywani, na alikufa hana hata kumi. Kijana anasubiri nimsifu. Nilimfukuza kwa maneno yaliyomfanya mke wangu afunge madirisha. Baadaye nikaona haya. Kijana wa watu hakujua anachokigusa. Mimi nilikijua, na nilikifanya zamani kwa mkasi na gundi, nikijiona mimi ndiye mimi. Ndiyo maana leo naandika.

Jina langu Salimu, mtu wa Tanga, mpiga picha. Kazi hapa Johannesburg niliianzia kwenye bustani ya Joubert Park, miaka ya tisini, kamera shingoni na albamu ya sampuli kwapani. Tulikuwa wengi pale, kila mtu na benchi lake, na ole wako ukae benchi la mwenzio. Wateja wetu walikuwa wageni kama sisi. Mkongo anataka apigwe ameegemea gari ambalo si lake. Mtanzania anataka maua yaonekane, lakini ghorofa bovu la nyuma lisionekane. Mrundi mmoja aliazima saa ya kila mpiga picha bustanini mpaka akapata inayong'aa. Kazi yetu ilikuwa kupeleka nyumbani habari njema, ziwepo zisiwepo.

Niwape na la ufundi, msije mkasema mzee analalamika tu. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera zile kilitengenezwa na watu ambao hawakutufikiria. Ukikiamini, uso mweusi mbele ya ukuta mweupe unatoka kama mkaa, hujui pua iko wapi. Fungua tundu la mwanga kidogo zaidi ya unavyoambiwa, na mteja umtoe kwenye jua la saa sita umweke kivulini. Wenzangu walikuwa wakinicheka kwa kuhamahama na wateja, lakini picha zangu zilikuwa na macho.

Hayo macho ndiyo yaliyomvuta Bi Hedda. Alikuwa ajuza wa Kizungu aliyepita miaka themanini, akiishi ghorofa ya nne kwenye jengo linalotazama bustani. Wazungu wenzake walishahama wote. Yeye alibaki na paka wake na kikohozi chake. Kila asubuhi alishuka, akafunua albamu zetu mojamoja na kusema, "Nzuri. Nzuri. Nzuri. Nyote mnapiga picha moja." Tukimwona anakuja tunafunga albamu. Siku moja aliniomba nimbebee viazi mpaka juu, nami nikambebea kwa kuwa nilikuwa na njaa na nilidhani atanipa chai.

Nilipoingia, nusura niviangushe viazi. Ukutani pamejaa picha: mwanamke ana birika mahali pa kichwa. Kiganja cha mkono, katikati yake jicho limefumbuka linakutazama. Kiatu kimeota vidole. Nikasoma Ayatul Kursiyyu kimoyomoyo, nikajua leo nimeingia kwa mchawi. Bi Hedda akacheka mpaka akakohoa, akakaa kitako juu ya kitanda.

Alikuwa msichana Berlin, akaniambia, katikati ya zile vita mbili kubwa za dunia. Wanaume walirudi kutoka vita ya kwanza hawana miguu, wanauza viberiti barabarani. Wengine nyuso zao zimeshonwa kama viraka. Yeye na wenzake, vijana wenye kamera na njaa, wakaanza kukata picha na kuzibandika upya, kichwa cha huyu juu ya kiwiliwili cha yule. "Watu walituuliza kwa nini tunakata binadamu vipande," alisema. "Sisi hatukumkata mtu, Salimu. Tuliwakuta vipande."

Walijaribu kila kitu. Waliweka funguo, kitana, mwiba wa samaki moja kwa moja juu ya karatasi ya picha, wakawasha taa, wakapata kivuli bila kamera yoyote. Walipiga picha mbili juu ya filamu moja. Walitaka kupiga kile mtu anachokiona akiwa usingizini. Kisha wakaja watawala waliopenda watu wazima wazima, waliojipanga mistari, wanaopiga saluti. Maonyesho yakafungwa. Wenzake wengine wakakimbia, wengine hawakuonekana tena. Yeye akapanda meli mpaka Cape Town, akaja huku juu, akakuta serikali nyingine inapanga watu mistari kwa rangi zao. "Eish," alikuwa akisema, maana neno hilo la huku la mtu aliyechoshwa na mambo alilijua vizuri, "nikaona nimezunguka bure."

Choo chake ndicho kilikuwa chumba cha giza. Ubao juu ya bafu, trei za dawa juu ya ubao, taa nyekundu, na paka lazima afukuzwe kwanza. Kosa langu la kwanza lilikuwa la kijinga: nilifungua mlango mchana kweupe, picha ikiwa bado ndani ya dawa. Mwanga ukamwagika ndani. Nikajua kazi imekwisha, nikataka kuitupa. Akanidaka mkono. "Subiri!" Mbele ya macho yangu ile picha ikaanza kujigeuza, pale peupe pakaingia kiza, na mstari mwembamba kama wa fedha ukauzunguka uso wote. Yeye akaniambia kwamba huko kwao waligombana miaka kuhusu nani aliyekuwa wa kwanza kufungua mlango kwa bahati mbaya.

Kuhusu mkasi alikuwa mkali. Kata kwa kuzungusha karatasi, usizungushe mkasi. Papasa ukingo kwa msasa laini upande wa nyuma, ili usiweke kivuli. Bandika, kisha piga picha upya ile uliyobandika, ndipo inakuwa moja. Lakini alinikataza jambo moja, kuuficha mshono. "Mshono uonekane," alisema, na alikuwa akiutafuta kwa ukucha. "Mwanamke mwenye kichwa cha birika hamdanganyi mtu. Anayemwona anajua ni ndoto." Walikuwa na mwenzao mmoja hodari kuliko wote, aliyekwenda kuwafanyia kazi wale watawala kwa mkasi uleule. Alitengeneza picha za wafanyakazi wenye furaha, akafuta watu waliokwisha kamatwa. Mshono wake haukuonekana hata kwa lenzi. Bi Hedda alipomtaja alitazama pembeni.

Mimi nikaitikia kwa kichwa, na moyoni nikasema, ajuza huyu ana wivu tu.

Alikufa kifua kikiwa kimembana, wakati wa baridi. Wenye jengo wakatupa vitu vyake nje kando ya barabara. Nilifika nikaokoa mashine ya kukuzia picha na mkasi. Zile picha za ukutani zilikuwa zimenyeshewa, na watu wanazikanyaga wakienda kwenye stesheni ya Park Station. Niliokota moja, ya kiganja chenye jicho, ikakatika mkononi.

Nikafungua studio Jules Street, chumba kimoja na nyuma yake kichumba cha giza. Hapo ndipo alipokuja Mbwana, kijana wa kwetu Tanga, mcheshi, kupiga picha ndogo za karatasi zake za kuishi nchini. Kaka yake Kassim ndiye aliyemleta. Kassim alikuwa na spaza, kiduka cha mtaani, kule Soweto na alimweka Mbwana pale auze. Mbwana alikuwa ameoa mwaka uleule, mke yuko Tanga, anaitwa Mwanaidi. Nilimpiga picha nne. Nilimwambia atulie, hakutulia, alikuwa ananisimulia mkewe anavyopika mchuzi wa papa.

Walimuua miezi minane baadaye. Vurugu zilizuka kule, watu wakavamia maduka ya wageni, wakalitia moto lile duka na yeye akiwa amejifungia ndani. Sitasema zaidi. Tulimzika kesho yake baada ya swala ya adhuhuri, mimi nikiwa mmoja wa waliobeba jeneza, na hakukuwa na uso wa kumwonyesha mtu.

Baada ya wiki mbili Kassim alikuja studio, amekonda, akakaa kwenye kigoda cha wateja. "Fundi Salimu," alisema, "mama ana moyo. Daktari kasema asishtuliwe. Nikimwambia, nitazika wawili." Idd ilikuwa inakaribia, na mama anadai picha ya mwanawe mdogo. Barua hazikuwa tatizo, kwa sababu Mbwana hakuwa mtu wa kalamu, Kassim ndiye aliyemwandikia tangu mwanzo. Simu za mkononi kule kwetu zilikuwa bado za kuhesabu. Kilichokosekana ni picha. "Moja tu," Kassim alisema. "Mama apone kwanza, kisha nitasafiri nikamwambie mwenyewe, ana kwa ana."

Nilikubali. Nilimwonea huruma, wallahi. Lakini nisiwadanganye na nyinyi: pamoja na huruma, vidole viliniwasha. Nilitaka kuona kama naweza.

Uso niliutoa kwenye zile negativu nne, filamu za zile picha zake ndogo. Mwili ukawa taabu. Ningemwambia nani anikopeshe mwili amvalie marehemu? Nikavaa shati jipya, nikaiweka kamera juu ya mguu wake wa chuma, nikajipiga mwenyewe nimesimama mikono mbele. Nikakata, nikapapasa, nikabandika, nikapiga upya. Mbwana akasimama mbele ya ukuta wangu, amepumzisha mikono, anakaribia kucheka. Kassim alipoiona alilia, kisha akasema, "Umemrudisha." Kichwa kikanivimba. Nyuma nikapiga muhuri wa studio, jina na mtaa, kama kawaida yangu. Mnaona upumbavu? Mwongo anayeweka anwani!

Mwezi wa tatu baada ya mazishi ikaja bahasha kutoka Tanga. Mwanaidi alikuwa amepiga picha akamtumia mumewe: amejipamba, hina mpaka kwenye viwiko, asumini kichwani, anatazama kamera kama mtu anayetazamwa na ampendaye. Aliomba wawekwe pamoja, maana harusi yao haikuwa na mpiga picha. Kassim akaniletea. Ilikuwa kazi ngumu, mwanga wake ulitoka kushoto na wa Mbwana kulia. Nikaigeuza negativu ya Mbwana, nikatumia ile hila ya kufungua mlango, kidogo tu, mstari wa fedha ukawazunguka wote wawili na kuficha maungio. Hiyo ndiyo ya pili. Nilijifungia na ile picha nikaitazama asubuhi nzima, na sikumkumbuka maiti hata mara moja. Nilikuwa naipenda kazi yangu.

Mama yao alifariki mwaka wa pili, usingizini, picha ziko chini ya mto. Basi, sababu ikawa imekwisha. Nilimwambia Kassim, "Sasa sema." Akasema atasema. Idd ikaja, akaja yeye na shati jingine mkononi, hanitazami usoni. "Nitaanzaje, Fundi? Niseme nimekuwa nikidanganya miaka miwili?" Ningeweza kukataa. Mlango ulikuwa wangu, mkasi ulikuwa wangu. Nikasema, lete hilo shati.

Ya tatu, ya nne, ya tano. Kwenye ya nne nilimfugisha ndevu. Kwenye ya tano nilimwongezea kilo, kwa kuwa mimi nilikuwa nimenenepa na yeye ikabidi anifuate. Mwanaidi akaandika kuuliza, mume wangu kidole gumba kimepatwa na nini, mbona kimepinda? Hicho ni changu, kilibanwa na mlango wa lori nikiwa kijana. Kassim akamjibu ni ajali ya kazini. Ikaja chupa ya mafuta ya nyonyo yaliyosomewa dua, ajichue asubuhi na jioni. Kassim aliiweka kaunta, tukatazamana. Sikuwa na moyo wa kuitupa, nikawa najipaka, na Mungu anisamehe, yalinisaidia. Tulicheka siku ile, mimi na Kassim. Kicheko hicho mpaka leo sijapata pa kukiweka. Ya sita nikamtia mvi mbilitatu. Ya saba ndiyo ya mwisho.

Maana mwaka wa sita, siku ya Jumanne kabla ya adhuhuri, aliingia mwanamke mwenye buibui la vumbi na begi la turubai. "Shikamoo, kaka. Ndiyo studio ya Bwana Salimu?" Lafudhi ya Tanga tupu. Nikaitikia marahaba. Alikuwa amekaa siku tano ndani ya mabasi, Tunduma, Lusaka, Harare, mpaka hapa, hajui mtu wala mtaa ila muhuri ulio nyuma ya picha. Akaisoma anwani kwa sauti, akacheka kwa uchovu. "Mimi ni mke wa Mbwana. Kama amepata mke mwingine huku, sigombi. Nataka kumwona tu, aniambie kwa mdomo wake."

Akanipa ile picha ya saba niitambue. Nikaipokea. Nikamwona ameacha kuitazama picha, anatazama kidole changu kilichoishika. Akatazama kwenye picha. Akarudi kwenye kidole. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Hii mikono ni yako," alisema.

Nikavuta kigoda akae, hakukaa. Nikamweleza nimesimama, yote, moto, mazishi, mama mkwe, mkasi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua begi, akazipanga zote saba juu ya kaunta, moja baada ya moja. "Ya kweli ipi?"

"Hakuna, dada. Sura ni yake. Siku zile hakuwepo."

"Hizi mvi?"

"Nilizichora mimi."

"Nilizipenda," akasema. "Nilisema tunazeeka pamoja." Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele, majirani waje, nipigwe.

Nilimwita Kassim. Mtu mzima yule alijitupa chini akamshika miguu. Mwanaidi alijitoa taratibu, akauliza jambo moja tu: tarehe. Tarehe hasa aliyokufa. Kassim akamtajia. Akaomba apelekwe kwa sheikh, na mke wangu akampeleka siku ileile, yeye ndiye aliyemlaza kwetu.

Alirudi studio kesho yake, peke yake. Alikuwa amevaa kanga kuukuu za mke wangu, hana hereni, hana wanja, na kucha amezikata mpaka kwenye nyama ili mabaki ya hina yatoke. Alikuwa ameshika ile picha ya pili, ya wao wawili.

"Nilikwenda kuuliza eda yangu naianza lini," alisema. "Nikae miezi minne na siku kumi kama kila mwanamke aliyefiwa. Niliazimia nikae, hata ugenini. Sheikh kasema sina. Eda inahesabiwa tangu siku aliyokufa mume, ujue usijue. Yangu ilianza na ikaisha miaka sita iliyopita. Kasema niko huru, naweza kuolewa hata leo." Akaiweka picha kaunta. "Nimehesabu. Hii niliipiga mwezi wa tatu. Mimi hapa ni mjane ndani ya eda, kaka. Tazama nilivyopaka hina. Tazama ninavyocheka."

Nikamwomba radhi. Nilipiga magoti pale pale, nyuma ya kaunta, naye alikuwa haoni ila upara wangu.

"Radhi sina," alisema. "Inuka, unipige picha."

Vijana, nimepiga watu maelfu, na sikuwahi kupiga picha nzito kama ile. Alikaa kwenye kigoda, kanga imefunika nywele, viganja juu ya magoti. Nikanyoosha mkono kuwasha taa ya pili, ile inayolainisha uso. Akanikataza. Kwa mazoea tu mdomo ukanifunguka nimwambie atabasamu kidogo, nikaufunga. Nilipiga moja. Nikaisafisha, nikaikausha, sikuigusa kwa brashi wala kwa kalamu. Akaitazama muda mrefu.

"Hapa sasa amekufa," alisema, akaitia kifuani, akatoka kwenda Park Station kutafuta basi la kurudi Tanga.